Benchi la Nje ya Wodi ya Watoto

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi zito na hotuba nyingi. Tulipokuwa tukirudisha viti, binti mmoja mpya wa wodi ya watoto alinishika mkono akaniuliza, "Sista, watu wanasema ati ulikuwa unafanya utafiti huko vijijini. Utafiti wa nini, na wewe ni nesi?" Sikumjibu vizuri, maana gari la kunipeleka nyumbani lilikuwa linapiga honi. Sasa nimekaa, mahindi nimeshapalilia, na hakuna anayeniita nikafunge dripu iliyokwisha. Wacha nimjibu kwa maandishi, nanyi wengine msome mkipenda. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Ziko kwenye faili fulani Nairobi, kama panya hawajazimaliza. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Niliripoti Kitale katikati ya miaka ya themanini, moja kwa moja kutoka chuoni, nimevaa viatu vyeupe vilivyonibana vidole. Nilidhani nitatembezwa, nionyeshwe kabati la dawa na mahali pa kuweka mkoba. Sista Cheptoo, msimamizi wa wodi ya watoto, hakunionyesha chochote. Alinishika mkono tu, akauachia haraka kama mtu aliyeshika bomba la maji alfajiri.

"Nani alikuambia unashika mtoto na mkono kama hii? Enda jikoni, shika kikombe ya chai mpaka upate joto, ndio urudi."

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya uuguzi, nimesimama jikoni nimekumbatia kikombe cha chai ambayo sikuruhusiwa kuinywa.

Sista Cheptoo alikuwa mtu wa upande wa Suam, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyekulia kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyenifundisha kusoma kifua cha mtoto. Usimwamshe. Usimvue kwa haraka. Mwache mapajani kwa mama yake, fungua blanketi polepole, halafu tazama. Kifua kinapanda na kushuka kwa kasi gani? Nyama ya chini ya mbavu inavutwa ndani? Pua inapanuka? Bado ananyonya, au ameliachia titi? Kisha hesabu pumzi dakika nzima, macho kwenye kifua, saa karibu. Mimi nilikuja na ujanja wa wanafunzi, kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne. Alinikamata wiki ileile.

"Mtoto hapumui kwa hesabu ya darasani," aliniambia. "Kuna mahali anasimamisha kidogo, halafu anakimbiza. Hiyo ndio unatafuta. Sasa ukihesabu robo, utaiona wapi?"

Kitale ina baridi, na mwezi wa saba vifua vya watoto hujaa. Wengi walitoka kwenye mashamba ya mahindi, huko Moi's Bridge na kwingineko, ambako wazazi wao walifanya vibarua. Wengine walishuka kutoka mlimani. Walilala wawili wawili kitandani, na surua ikiingia walilala watatu. Sindano tulizichemsha kwenye sufuria. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, na mpira wake tuliugawanya kwa kiungo ili watoto wawili wapumue pamoja. Wakija watatu, ilibidi uchague. Jambo hilo hakuna aliyenifundisha chuoni, na Sista Cheptoo pia hakunifundisha. Alikuwa anachagua yeye mwenyewe, kisha anakwenda kusimama dirishani kidogo akitupa mgongo.

Kwa watoto alikuwa mpole kupita kiasi. Nimemwona akimpepea mtoto wa surua kwa kifuniko cha katoni huku akimwimbia kwa Kisabaoti. Lakini kwa mama zao alikuwa mvua ya mawe. Akifunua blanketi na kukuta kifua kinavutwa, midomo imebadilika rangi, aligeuka kwa mama na kumuuliza, "Ulikuwa wapi? Mtoto amefika hivi, wewe ulikuwa wapi?" Swali hilo lilikuwa kama salamu ya wodi. Wote tuliliuliza. Madaktari waliliuliza, hata mfagiaji aliliuliza. Hakuna aliyengoja jibu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, wakati wa mvua, aliingia msichana mmoja ambaye nitamwita Nasimiyu. Nasema msichana, lakini alikuwa mke wa mtu na mtoto mgongoni. Leso ilikuwa imelowa. Alipomshusha mtoto, Sista Cheptoo alitazama mara moja tu akamnyakua, akakimbia naye kwenye oksijeni. Tulimfanyia kila tulichokuwa nacho. Penisilini ilichomwa, pua ikasafishwa, Sista Cheptoo mwenyewe akamshikia mpira usitoke. Mtoto hakufikisha saa sita mchana.

Nasimiyu hakulia kwa sauti. Alisimama kando ya kitanda akitazama mikono yetu, kana kwamba bado tungefanya kitu. Ndipo Sista Cheptoo, jasho limemtoka, macho mekundu, akamgeukia.

"Sasa mama, ulikuwa wapi?"

Nasimiyu alifungua mdomo. Nilikuwa karibu naye, niliona kabisa kwamba lilikuwepo jambo la kusema. Kisha akaufunga. Akamchukua mtoto wake, akamfunga na leso ileile iliyolowa, akatoka.

Miezi michache baadaye alikuja mwalimu wa wauguzi kutoka Nairobi, nimwite Mwalimu Muthoni. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, aliyevaa raba kama mwanafunzi wa michezo, na alikuja na kinasa sauti kilichokula betri kama ng'ombe anavyokula chumvi. Alitaka kujua jambo moja. Mtoto mdogo anapougua ghafla, kati ya dalili ya kwanza pale nyumbani na mlango wa wodi, nini hutokea? Aliomba muuguzi anayesema Kibukusu amsaidie upande wa Kitale na Bungoma. Metroni, mkuu wa wauguzi wetu, akanitaja mimi. Nadhani alifikiri nitapata kupumzika.

Kwanza Mwalimu Muthoni alinifundisha kunyamaza, na hilo lilinishinda kwa muda mrefu. Muuguzi amezoea kueleza. Mama akisema, "Nilimpa mtoto majani," mdomo wako tayari umefunguka kumwambia asirudie. Tulifanya mazoezi ofisini, yeye akijifanya mama mzazi, mimi nikiuliza.

"Umenikatiza tena," alikuwa ananiambia. "Nafula, wewe huulizi. Wewe unahutubia."

"Lakini Mwalimu, hayo majani..."

"Hayo majani utayasema tukimaliza, kama mama bado anataka kukuona. Sasa hivi uliza kilichofuata, halafu funga mdomo."

Tulianza upande wa Bungoma, kwenye boma za karibu na Chwele. Tulipanda keria za baisikeli, boda boda za wakati ule zilizokanyagwa kwa miguu, na kwenye mlima tulishuka sote, hata mwenye baisikeli, tukasukuma. Tuliwatafuta kina mama ambao watoto wao walikuwa wamelazwa karibuni, waliopona na waliofariki. Tulikaribishwa ndani, tukapewa viti na chai. Nilishangaa jinsi walivyokuwa tayari kusema. Nilikuwa nimefanya kazi na kina mama kwa miaka kadhaa, lakini hawa walinieleza walichoona mmoja baada ya mwingine bila kusukumwa. Mtoto alikataa titi asubuhi. Tumbo lilikuwa linacheza alipopumua. Alikoroma kama mtu mzima. Kwa hiyo walikuwa wameona. Swali likawa kwa nini hawakuja.

Kikongwe mmoja ndiye aliyenifungua macho. Tulikuja kuzungumza na mke wa mwanawe, lakini yeye alivuta kigoda akaketi kati yetu. Kwanza alitaka kusikia sauti yake kwenye mashine. Mwalimu Muthoni alimrudishia mkanda, kikongwe akasikiliza kwa makini, kisha akasikitika.

"Hiyo ni mimi? Kumbe naongea kama mzee hivyo!"

Tulipomaliza kucheka alinigeukia. "Sasa mimi pia niulize. Wewe sista, mtoto yako akishikwa na homa, nani anakuambia enda hospitari?"

"Naenda tu, kukhu," nilimjibu, nikimwita bibi kwa Kibukusu. "Siulizi mtu."

"Unaenda na nini? Baisikeri ni ya nani? Kuku ya kuuza ni ya nani? Na huyo mtoto ni ya nani?" Alinyoosha kidole kwa mke wa mwanawe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Huyu aliniambia mtoto ni mgonjwa. Mimi nikasema tungoje baba yake atume neno. Baba yake iko Nakuru. Si mimi pia naogopa? Mtoto akifia njiani, nitasema nini kwa kijana yangu?"

Mtoto yule alikuwa amepona, alikuwa nje anafukuza kuku. Lakini kikongwe alipomaliza kusema hakuna aliyecheka tena. Mke wa mwanawe aliinua kichwa, akamtazama mama mkwe wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuwahi kujua kwamba kikongwe naye alikuwa anaogopa.

Nasimiyu alikuwa katika watu tuliotakiwa kuwatafuta. Kule Trans-Nzoia, kwenye shamba alikokuwa akiishi na mumewe, tuliambiwa amerudi kwao, karibu na Chwele. Tulimkuta kwa wazazi wake, anapepeta maharagwe. Alinitambua kabla sijasema jina langu, na ungo ukasimama mikononi mwake. Mwalimu Muthoni alimweleza polepole tulichokuja kutafuta, akamwambia kwamba akitaka tutaondoka wakati wowote, na kwamba jina lake halitatajwa kwa mtu yeyote, hata kwa wenzetu wa hospitali.

"Huyu sista alikuwako," Nasimiyu alisema.

"Nilikuwako," nikajibu. "Nikitoka nje, utaongea vizuri?"

Alifikiri. "Kaa tu."

Alianza na ile asubuhi ya kwanza, mtoto alipoamka akipumua kwa tumbo. Mume wake alikuwa safarini na trekta la tajiri wao. Hakumngoja. Jirani alimpa mwavuli, akatembea mpaka barabarani, akapata lori la mahindi, akafika Kitale kabla ya jua kupanda. Hapo nilichanganyikiwa, maana nilijua kwamba alikuja kwetu mtoto akiwa amekwisha. Nilikaribia kumkatiza. Mwalimu Muthoni alinitazama, nikafunga mdomo.

"Nilifika," Nasimiyu alisema. "Nilikaa kwa benchi yenu, hiyo ya nje. Kulikuwa na wamama wengi. Sista mrefu akatoka, ile iko na sauti. Akafunua mtoto wa mama mwenye alikuwa mbele yangu. Akamfokea, ati mtoto ni mchafu, ati blanketi inanuka, ati unazaa tu kama sungura. Watu wote walikuwa wanasikia. Huyo mama alikuwa mkubwa, kama mama yangu. Akalia." Alichukua maharagwe machache akayaacha yadondoke kwenye ungo. "Mimi nikaangalia mtoto wangu. Alikuwa amejikojolea kwa njia. Leso yangu pia ilikuwa imechafuka. Nikasema, wacha nirudi nyumbani nimwoshe, nifue leso, ndio nije kesho mapema. Nikarudi. Usiku mvua ikanyesha, mto ukajaa. Nilivuka siku ya pili yake."

Mwalimu Muthoni aliuliza kwa sauti ya chini, "Na walipokuuliza ulikuwa wapi?"

"Ningesema nini? Nilikuwa hapo kwao."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia akamwondolea ungo mikononi, akaketi karibu naye. Mwalimu Muthoni alizima kinasa sauti, na tulikaa pale na familia ile mpaka chai ikapoa. Tulipoondoka, mwenye baisikeli aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Kazi iliendelea, tukasikia hadithi nyingine, na nyingi zilikuwa na mume wa mbali, mama mkwe mwenye hofu, mto, dawa za dukani zilizojaribiwa kwanza. Lakini habari ya kuogopa sauti zetu ilirudi mara nyingi, Kitale na Bungoma pia. Mama mmoja alisema yeye huvaa nguo ya kanisani kwanza kabla ya kuleta mtoto hospitali, ndiyo maana huchelewa. Alisema kama jambo la kawaida kabisa.

Ulipofika wakati wa kusoma matokeo mbele ya wauguzi wa Kitale, sikulala vizuri. Sista Cheptoo angekuwepo, ameketi mbele kama kawaida yake. Angejitambua. Nilimuuliza Mwalimu Muthoni kama naweza kumwambia mapema. Ilinibidi kwanza nirudi kwa Nasimiyu kuomba ruhusa, naye akasema habari isemwe, ila jina lisitoke. Mwalimu Muthoni akarudia: "Jina usimwambie. Hata akilia."

Nilimfuata Sista Cheptoo kwao Jumamosi, siku yake ya kupumzika. Alikuwa anapukuchua mahindi uani, akanipa hindi nami nianze. Nilimweleza yote huku mikono inafanya kazi, maana kumtazama sikuweza. Nilipofika kwenye yule mama aliyerudi nyumbani kuosha mtoto, niligundua napukuchua peke yangu.

"Kwa hiyo ulitumwa kunichunguza," alisema.

"Hapana, Sista. Hatukuuliza habari yako. Tuliuliza habari ya mtoto."

"Na mimi nikatokea hapo." Alisimama, akaenda kwa ndama aliyefungwa, akamfungua, akamfunga tena palepale. Aliporudi sauti ilikuwa imepungua, sijawahi kuisikia hivyo. "Nafula, wewe unajua ile wodi. Unajua mtungi ni moja. Nikiona mtoto ameletwa hivyo, najua ni mimi nitachagua. Nikifoka, angalau naona kama kuna kitu nafanya."

"Najua, Sista."

"Hapana, usiseme unajua. Huyo mama ni nani?"

Nilichukua hindi jingine.

"Nataka kwenda kwake. Nitapanda gari hata kesho. Si unaniambia tu kijiji?"

"Siwezi, Sista. Tulimwahidi. Labda nimuulize yeye kwanza."

Aliokota hindi, akaanza kupukuchua kwa nguvu mpaka punje zikaruka nje ya karai. "Muulize," alisema.

Nilikwenda Chwele siku ya soko, Nasimiyu alikuwa anauza vitunguu vya mama yake. Alinisikiliza huku akiwapimia wateja. Hakukasirika. Alisubiri mpaka tukabaki wawili.

"Mwambie asikuje," alisema. "Akija na kuniomba msamaha, itabidi nimpe, si ni mtu mkubwa? Na mimi saa hii sina kitu ya kumpa mtu."

Nikampelekea Sista Cheptoo maneno hayohayo, bila kupunguza. Aliyapokea kwa kuinamisha kichwa, akaniambia nikabadilishe shuka za kitanda cha dirishani.

Kwenye mkutano chumba kilijaa. Mwalimu Muthoni alisoma kwa utulivu, habari ya waume na mama wakwe, habari ya mito na maduka, na watu walitikisa vichwa, wakaandika. Alipofika kwenye sauti za wauguzi, kalamu zilisimama. Muuguzi mmoja wa nyuma aliinuka.

"Sasa makosa ni yetu? Hawa wamama wanakaa na mtoto mpaka anakauka, halafu ati ni sisi tuliwafukuza? Bana, huyo mama aletwe hapa aseme mbele yetu!"

Wengi walimuunga mkono. Nilitazama meza. Lakini kiti cha mbele kililia, na Sista Cheptoo akasimama kwa urefu wake wote.

"Wachana na huyo mama," alisema. "Mnataka kujua ni sista gani, ni mimi. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alipata mdomo yangu, mara ya pili ndio akapata dawa." Alitaka kuendelea, akashindwa, akaketi. Muuguzi wa nyuma naye aliketi. Mwalimu Muthoni akageuza ukurasa.

Jumatatu iliyofuata Sista Cheptoo alitoka na kigoda chake hadi kwenye benchi la nje kabla ya mlango wa wodi kufunguliwa. Alipita kwa kila mama, mmoja baada ya mwingine, akawasalimu, akafungua blanketi polepole, akatazama kifua. Mwenye mtoto anayevutwa kifua aliingia saa ileile, awe wa kwanza au wa mwisho, na ndugu zangu, wa mbele walinung'unika sana mwanzoni. Sisi tulipangiwa zamu kufanya hivyo asubuhi zote. Siku hizi mnafanya jambo hili kila hospitali, lina jina lake na mabango yake ukutani. Sisi hatukuwa na jina. Tulisema tu "kupita benchi".

Nisiwadanganye. Hakugeuka malaika. Sauti ilimtoroka mara kwa mara, hasa kwa akina baba. Wenzetu wengine walikataa kubadilika mpaka walipostaafu. Watoto waliendelea kufa, maana mtungi ulikuwa bado mmoja na mto uliendelea kujaa. Lakini walianza kuletwa wakiwa bado wanaweza kulia, na mtoto anayelia ni mtoto ambaye unaweza kumfanyia kitu.

Mimi nilihamishiwa Bungoma kwa muda, nikafundisha wauguzi wa zahanati kuuliza na kunyamaza, kisha nikarudishwa Kitale katikati ya miaka ya tisini. Sista Cheptoo alikuwa anakaribia kustaafu, miguu imeanza kumvimba, lakini benchi bado alipita.

Asubuhi moja nilikuwa natoka chumba cha dawa nikamwona Nasimiyu mwishoni mwa benchi. Mume wake alikuwa amemfuata kwao, akarudi naye, walikuwa wanaishi Moi's Bridge. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Mapajani mwake kulikuwa na mtoto wa kike, anayepumua haraka, mkavu midomoni, bado amelishika titi. Alifika akiwa na leso ya kazini, yenye matope ya shamba. Aliniona. Kisha akamwona anayekuja upande wa pili wa benchi, akainua mkono kidogo tu kutoka kwenye leso, kunizuia. Nikaelewa kwamba ananiambia nisiseme.

Sista Cheptoo alifika kwake, akajikunja kwa shida mpaka magoti yakagusa saruji. Alikuwa ameona nyuso nyingi mno kwa miaka ile. Hakumtambua.

"Mulembe, mama," alimsalimu kwa Kibukusu chake kibovu. Alisugua viganja vyake kwanza, akafungua blanketi. Alihesabu dakika nzima. "Umeona nini kwa mtoto?"

"Tangu jana jioni anapumua mbio. Asubuhi ikaongezeka."

"Na ukakuja asubuhi hii hii. Vizuri sana. Amka, tuingie."

Mtoto alilazwa. Alichomwa sindano, alinyonya, homa ikashuka. Siku za katikati zilikuwa na wasiwasi, kisha akaanza kutupa kijiko. Sista Cheptoo alimpenda, alikuwa akimbeba kwenda naye dirishani. Siku moja, nikiwa kitanda cha pili nabadilisha dripu, nilimsikia akimuuliza Nasimiyu, "Huyu ni wako wa kwanza?"

"Wa pili."

"Wa kwanza umemwacha na nani?"

Dripu ilikuwa inatiririka mkononi mwangu, sikuifunga.

"Alikufa," Nasimiyu alisema. "Alikuwa na kifua pia."

Sista Cheptoo hakuuliza lingine lolote. Hakuuliza alikufa wapi, wala alikuwa ameletwa lini. Alimpa mtoto mama yake, akaketi kando yake kitandani, jambo ambalo sisi wengine tulikatazwa kabisa, akamshika bega. "Pole," alimwambia. "Pole sana, mama yangu." Walikaa hivyo muda mrefu, wanamtazama mtoto anavyonyonya. Nasimiyu aliangalia ule mkono uliokuwa begani mwake. Hakuuondoa.

Sikumwambia Sista Cheptoo, siku ile wala siku nyingine. Alistaafu, na baadaye alizikwa kwao upande wa Suam, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwaga udongo, na hata pale sikusema. Tulikuwa tumemwahidi yule mama. Binti uliyeniuliza utafiti ni wa nini, sehemu yake kubwa ni hiyo, kubeba kitu cha mtu bila kukishusha njiani ingawa mabega yanauma.

Siku ya kutoka hospitali, Nasimiyu alimfunga binti yake mgongoni, akachukua kikapu, akapita mezani kuaga. Sista Cheptoo alikuwa anakata vipande vya pamba, hakuinua kichwa mara moja.

"Ukiona kitu tena, hata kidogo namna gani, kuja," alimwambia. "Usifue leso kwanza, usingoje mzee wa nyumba. Kuja tu vile uko."

Nasimiyu alisimama pale kidogo. Nilidhani atasema yeye ni nani. Alirekebisha fundo la leso kifuani, akamtazama vizuri yule mama mzee mwenye miguu iliyovimba.

"Nitakuja, Sista," alisema.